Mrejesho: kuunga plaiwudi kwa jigi ya ruta

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza jinsi ya kuunga shiti mbili za plaiwudi ya mm 18 bila uwazi kuonekana. Asanteni sana. Nilimfuata fundi wa Igoma aliyenijibu: ukipachika reli mbili za mbao juu (hiyo ndiyo jigi, inaongoza ruta, mashine ya kuchonga mbao), unaacha nafasi ya mm 10 kati ya shiti, unapitisha biti (kisu cha ruta) ya mm 12 katikati mara moja tu, inakata kingo zote mbili kwa pamoja. Reli ikipinda, kingo zote mbili zinapinda pamoja, kwa hiyo ukizisogeza zinabanana. Kweli kabisa, hata wembe haupiti!

Ila nilibana kwa klampu (vibano) mbili tu. Mwishoni shiti moja ikanyanyuka. Nikasugua msasa kusawazisha, ganda la juu likatoboka. Pale nimeweka chungu cha maua. Wekeni klampu nne.