Datsun 240Z ya Iringa, MGB ya Mufindi au Eunos Roadster ya mnada wa Japani: nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Mkazi_wa_Forest

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaishi Mbeya mjini, na baada ya kuweka akiba kwa miaka 6 nimeamua kununua gari la spoti la zamani, la kutembelea Jumamosi na Jumapili tu, kwa kuwa la kwendea kazini ninalo. Nimebakiwa na magari matatu ambayo bei zake, nikijumlisha gharama za kuyafikisha Mbeya, hazipishani sana.

La kwanza ni Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyopo Iringa mjini, ambayo mwenyewe anasema imesimama kwa miaka kadhaa lakini injini inawaka. La pili ni MGB ya wazi ya mwaka 1971, iliyokuwa ya familia moja huko Mufindi, na hii inatembea. La tatu bado lipo Japani: ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, yaani Mazda MX-5 kwa jina ililouzwa nalo kwao, yenye injini ya lita 1.6 na karatasi ya ukaguzi ya mnada.

Sijawahi kumiliki gari la kabureta. Naomba mnisaidie kulinganisha, na hasa mnieleze nikifika mbele ya gari nianzie wapi, maana naogopa kuvutwa na rangi.

Fundi_Mafiati

Ndugu yangu, umeitaja rangi mwenyewe, kwa hiyo nianzie hapo hapo. Katika magari ya aina hii, kinachonunuliwa ni bodi. Injini ya Datsun hiyo ni L24 yenye silinda 6 na lita 2.4, na ya MGB ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798. Zote mbili zina bloku ya chuma na ufundi wake si wa ajabu, kiasi kwamba fundi makini wa hapa Mbeya akipewa ringi, beringi na gasketi anaifanyia oveholi ikarudi kazini. Lakini magari haya hayana chesisi iliyo peke yake kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo chesisi, na kutu ikishakula sehemu zinazobeba uzito, fedha ya kukata na kuchomelea inaweza kuzidi bei uliyonunulia.

Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba ili isikwaruze, kisha ipitishe chini ya milango, kuzunguka matairi ya nyuma na kwenye pembe za chini za madigadi ya mbele. Inapokataa kunata, hapo pana puti, yaani dawa ya kuzibia mashimo ya bati kabla ya rangi. Niliwahi kuletewa gari moja jekundu lililong'aa kama kioo, na mwenye nalo alitaka tu nimrekebishie mlango uliokuwa ukigoma kufunga. Nilipoanza kubandua puti nilikuta ndani yake gazeti lililokunjwa na kushindiliwa mahali palipopaswa kuwa na bati, na aliyemuuzia alikuwa hapokei simu tena.

Kwenye Datsun, fungua boneti utazame chini ya betri, kwa sababu tindikali hudondoka pale na kushuka mpaka kwenye boriti. Nyanyua mazulia pande zote mbili. Ingia uvunguni na tochi, ufuate boriti mbili zinazopita chini ya sakafu, ukizigonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima lina mlio wake, na bati lililooza linaitika kama boksi la karatasi. Kisha fungua nyuma, utoe tairi la akiba, uangalie kama maji hutuama pale. Ukinusa moshi ndani ya gari wakati wa kuendesha, chunguza mpira wa mlango wa nyuma, maana gari hili hunyonya moshi wake lenyewe mpira ule ukichoka.

Ya MGB nawaachia waliozitumia. Eunos ni gari zuri, lakini mimi siliiti la zamani.

Mzee_wa_Ipogolo

Kamwene nyote. Fundi amesema vizuri, ila kabla ya sumaku kuna swali ambalo halina gharama: gari lililala wapi miaka yote hiyo? Iringa mjini na kule Isimani ni pakavu sehemu kubwa ya mwaka, na bati lililokaa bandani huku hudumu. Mufindi ni nchi ya chai, na chai haioti mahali pakavu. Ukungu hukaa mpaka saa 4 asubuhi. Gari lililotoka Tukuyu ningelikagua mara mbili, kwa mvua zile. Mwulize muuzaji, kisha mwulize na jirani yake.

Jambo la pili ni jina. Datsun 240Z ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, na sifa ile mpaka leo inapandisha bei kwa watu wa rika langu. Kumbuka, kijana wangu, kwamba yale yalikuwa magari ya kiwanda yaliyoandaliwa kwa mashindano. Linalouzwa Iringa ni gari la dukani la miaka 50 na zaidi, na ushindi ule hauongezi hata nati moja kwenye bodi yake. Badala yake, soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ya 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30. Ikianza na S30 peke yake, hiyo ni Fairlady Z ya soko la Japani, ambayo ilitoka kiwandani na injini ndogo ya lita 2.0, ni gari halali, lakini bei yake iwe ya kwake. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na silinda ya 6. Linganisha zote mbili na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

Ukilijaribu, usizunguke mjini tu. Teremka nalo mpaka Ipogolo kisha ulipandishe mjini kwa gia ya 3. Mlima ule utakuambia habari za klachi, rejeta na breki kwa pamoja.

Dada_wa_Mufindi

Mzee wangu shikamoo. Ukungu wetu siukatai, ila si kila gari la Mufindi limeoza. Baba yangu alikuwa na MGB, na mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi, kwa hiyo nieleze ninachokijua.

Kaka, kwenye MGB kila kitu kimesimama juu ya boriti za chini ya milango. Gari la wazi halina paa la kulishikilia, kwa hiyo boriti hizo zikioza gari hujikunja katikati. Kwanza tazama nafasi kati ya mlango na bodi: iwe na upana ule ule kutoka juu hadi chini. Kisha weka jeki nyuma ya mlango, nyanyua upande huo mpaka tairi litoke ardhini, ujaribu kufungua na kufunga mlango. Ukigoma au ukigusa bati, mshukuru muuzaji kwa chai uondoke. Usiridhike na boriti kwa sababu tu inaonekana mpya kwa nje, kwa maana zina tabaka zaidi ya moja, na mafundi wengine hufunika bati jipya juu ya lililooza. Nyuma ya viti kuna visanduku vya betri. Za miaka hiyo zilitumia betri mbili za volti 6, na visanduku vile huoza chini bila mtu kuona.

Injini ni ngumu, ila silinda hedi yake ni ya chuma na viti vya valvu vilikatwa humo humo, vikitegemea petroli yenye risasi kuvilinda visilike. Petroli hiyo ilikwisha kuondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo uliza kama hedi imewekewa viti vigumu. Kama haijawekewa si sababu ya kuliacha gari, kwa matembezi ya mwisho wa wiki, lakini ni sababu ya kupunguza bei.

Faida kubwa ya MGB, ambayo naona wenzangu hawajaigusa, ni spea. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na Uingereza mpaka leo wanauza karibu kila kipande chake kipya, hata bodi nzima tupu. Kwa Datsun utapata vya injini, lakini taa, mikanda ya milango na vitu vya dashibodi utavitafuta kwa machozi. Kwa hiyo hesabu kila kitu kilichopungua kwenye Datsun hiyo kabla hujataja bei.

Wakala_Bandarini

Mimi ni mtu wa Njombe ninayefanya kazi ya kutoa magari bandarini Dar es Salaam. Fundi, MX-5 ilizaliwa mwaka 1989. Kama haijawa ya zamani leo, sijui itakuwa lini.

Upande wa fedha, gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, na Mamlaka ya Mapato hukokotoa kwa thamani wanayoikubali wao, si lazima iwe ile ya risiti yako. Pata hesabu hiyo kabla ya kuingia mnadani. Hiyo ndiyo sababu gari linaloonekana rahisi Japani linalingana na Datsun ya Iringa likishafika.

Kwenye karatasi ya mnada, tazama mchoro wa gari. Herufi A ni mkwaruzo na U ni kubonyea, hizo hazinisumbui. Herufi W inaonyesha bati lililowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Daraja la R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwa Eunos, omba picha za uvungu mbele ya matairi ya nyuma, kwa sababu matundu ya kutolea maji ya paa la turubai huziba, na maji yakaozesha boriti kutoka ndani. Omba pia picha ya puli ya krenki. Zile za mwanzo, hadi sehemu ya mwaka 1991, zilikuwa na ncha fupi ya krenki inayoweza kulegea na kuharibika. Puli yake ina nafasi 4, na ya toleo lililorekebishwa ina nafasi 8. Yako ni ya mwaka huo huo wa mpaka.

Kuna mteja wangu mmoja aliyeagiza Corolla Levin ya AE86, tukaipokea na kukuta sahani ya chesisi imeandikwa AE85, yaani ndugu yake mnyonge aliyevalishwa bampa na nembo. Picha za nje hazikuwa na kosa lolote.

Mkazi_wa_Forest

Nawashukuru sana. Jumamosi nimekwenda Iringa, na nikirudi nimepitia Mufindi.

Datsun: sumaku imenata kila mahali isipokuwa chini ya mlango wa kushoto, eneo la kiganja kimoja. Chini ya betri pana tundu la kupita vidole viwili, lakini boriti za uvunguni zimelia vizuri, na sakafu ni kavu. Chesisi inaanza na HS30 na inalingana na kadi. Namba ya injini hailingani: kadi inasema L24, bloku imegongwa L28. Ilipowaka ilitoa moshi mweusi, na nilipoipandisha kutoka Ipogolo ilivuta kwa uzito. Breki zilivutia kulia.

MGB: inapendeza, na mama mwenye nayo alinipokea vizuri mno. Jeki ilipopanda, mlango wa dereva ukagoma kufunga.

Je, huo moshi mweusi na hiyo L28 ni vya kunifanya niikimbie Datsun?

Fundi_Mafiati

Moshi wa bluu ungekuwa oili, na moshi mweupe usiokwisha ungekuwa maji. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na Mbeya kama mita 1,700, na huku kwetu hewa ina uzito wa asilimia 80 na kitu tu ya ile ya pwani. Kabureta iliyopangwa pwani haijui hilo, inaendelea kumimina petroli ile ile. Kabureta zake mbili zikifunguliwa, zikasafishwa na kupunguziwa mafuta kwa usawa, moshi utaisha na gari litakuwa jepesi, ingawa nguvu ya pwani hutaipata huku kwa gari lolote lisilo na turbo. Hapa ndipo Eunos inaposhinda, kwa kuwa haina kabureta, na mfumo wake wa kupulizia petroli unaoongozwa kwa umeme hujirekebisha wenyewe. Angalia pia kifuniko cha rejeta kama mpira wake ni mzima, kwa sababu huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na bila mgandamizo wa kifuniko gari litachemsha mlimani.

L28 ni ndugu wa L24, inaingia bila kukata kitu na ina nguvu zaidi. Shida yake ni karatasi.

Wakala_Bandarini

Na karatasi hiyo aishughulikie muuzaji, si wewe. Abadilishe taarifa za injini kwenye kadi kwa jina lake, akiwa na uthibitisho wa injini ilikotoka, ndipo mwandikiane mkataba mbele ya wakili. Ukilipa kwanza, maswali yote ya injini ile yatakuwa yako.

Mkazi_wa_Forest

Nimempigia, amekubali kulishughulikia yeye, na amepunguza bei kwa ajili ya tundu la betri. Nitamlipa kadi ikishabadilishwa. Nimefikiria kuja nayo kwa barabara mwenyewe, nikipita Mafinga na Makambako.

Mzee_wa_Ipogolo

Kijana wangu, ubavuni mwa tairi kuna namba ya tarehe ya kutengenezwa. Zikiwa tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa 3, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Umezisoma?

Mkazi_wa_Forest

Nimemwomba anitumie picha. Tatu zina tarakimu 3. Nakodi lori.