Kunakili gari la kale la mbio: ufundi au wizi?

Mleta hoja: Wakuu, Ferrari 250 GTO zilitoka 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Leo bila mamilioni ya dola hulisogelei. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, ikasema umbo lake ni kazi ya sanaa, Ferrari wakapata nguvu ya kuwazuia wanaolinakili. Mimi napinga. Anayeligonga upya kwa nyundo gereji kwake anamwibia nani?

Mpenda orijino: Anamwibia aliyekaa usiku akilichora, mkuu. Kama sanamu huwezi kuinakili ukauza, kwa nini gari?

Fundi bodi: Wengi mnaongea hamjashika bati. Alumini unaipaka sabuni, unapitisha moto. Sabuni ikiwa nyeusi, simama hapo hapo. Ukichelewa kidogo bati linatoboka mbele ya macho yako, kazi ya wiki imekwenda. Likilainika unaligonga juu ya mfuko wa mchanga mpaka lije tumbo. Bodi za zamani zilipigwa hivyo hivyo kwa mkono, ndiyo maana upande wa kushoto haulingani na wa kulia. Sasa nikinakili kwa uaminifu, niuige na ule upogo? Mimi nauiga. Mteja mmoja alinirudishia akidai nimekosea vipimo!

Mpenda orijino: Fundi, mikono yako sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na siku gari hilo litakapouzwa mara ya tatu, limechakaa vizuri, na kibati cha namba ya chesisi kinasoma 1962.

Msomaji wa pembeni: Na kiwanda kikifanya mnaitaje? Jaguar mwaka 2014 walitangaza kuunda magari sita ya mbio aina ya E-Type Lightweight, kwa namba za chesisi zilizobaki tangu miaka ya 1960, maana zilipangwa 18 zikaundwa 12. Wakaja na magari tisa aina ya XKSS, kufidia zilizoungua kiwandani 1957. Hizo zikaitwa "mwendelezo". Fundi wetu akifanya, feki.

Mpenda orijino: Jina ni lao, kaka.

Msomaji wa pembeni: Jina sawa. Ila waliopiga bati la 1963 si hawa wa leo.

Mleta hoja: La namba nimekubali: mwaka halisi wa kuundwa ugongwe kwenye chesisi yenyewe, kusiwe na kibati cha kubandua. La kumnyang'anya fundi nyundo bado sijashawishika.