Mliowaambia watoto wetu "BAM haihesabiki" (Basic Applied Mathematics, hesabu za kidato cha tano na sita kwa wasiochukua hesabu za Advance), njooni mtujibu hapa

Wakuu, salamu kwanza, hasira isitusahaulishe adabu. Niko Tanga mjini, Makorora. Mnaopenda maneno laini pitieni nyuzi nyingine, huu sio wenu leo.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi HGE. Historia B, Jiografia C, Uchumi C. Divisheni wani, yaani daraja la juu kabisa, ya pointi 8. Bi mkubwa, ambaye katusomesha sote kwa samaki wa kukaanga anaowafuata soko la Deep Sea alfajiri, alipika pilau akagawa hadi kwa majirani ambao hatusalimiani. Kule shuleni kwao, shule ya bweni hapa hapa mkoani ambayo siitaji, wametundika bango getini lenye sura za waliopata wani. Dogo yumo, kavaa tai.

Haya, ichukueni hiyo wani mkaombee Uchumi chuo kikuu.

Mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa waliomaliza kidato cha sita unaonyesha masharti ya kila programu ya kila chuo. Sharti la jumla dogo analipita mbio: masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. C ni pointi 3, kwa hiyo Jiografia na Uchumi peke yake zinampa 6. Tatizo liko mwisho wa mstari. Programu nyingi za uchumi, uhasibu na biashara zina kamkia: kama hukusoma hesabu za Advance, basi uwe na angalau S ya BAM (alama iliyo juu tu ya F), au C ya hesabu za kidato cha nne. Dogo kidato cha nne ana D ya hesabu. BAM ana F.

Sasa mtoto aliyepata C ya Uchumi anapataje F ya BAM? Nilimkalisha nikamuuliza, nikitegemea aniambie alikuwa mtoro. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Bro, BAM tuliambiwa haihesabiki."

Na aliyewaambia hakuwa mhuni wa bwenini. Waliambiwa paredi, mbele ya walimu, wakiwa ndio kwanza wameripoti kidato cha tano. Mbaya zaidi ni kwamba hakudanganywa. Divisheni ya kidato cha sita inahesabiwa kwa masomo matatu ya kombi tu. BAM na GS (General Studies, maarifa ya jumla) hayaingii. Kwa hiyo shule inayotafuta wani za kutundika getini inajua pa kubana: kila kipindi cha BAM ni kipindi kilichoibiwa Jiografia. Mwalimu wa BAM alikuwa mmoja, na huyo huyo ndiye wa hesabu za Advance kwa PCM na EGM, kombi zenye hesabu ndani yake. Hebu kisieni HGE walikuwa wanamuona mara ngapi. Vipindi vilikuwepo kwenye ratiba, ratiba ilibandikwa vizuri ukutani (mkaguzi akija aione), lakini saa ya BAM ikifika wanaambiwa wajisomee, au anaingia mwalimu wa Historia kumalizia mada yake. Karibu na mtihani akaletwa kijana wa kujitolea, akawapitisha kwenye makaratasi ya miaka ya nyuma, akaaga.

Nilimpigia mwalimu wa taaluma. Nikamwamkia vizuri, shikamoo mwalimu, nikajitambulisha. Akaanza kunipongeza kwa ajili ya dogo! Nilipomtajia BAM akasema, "Ndugu yangu, kijana ana wani. BAM haimpunguzii kitu."

Haimpunguzii kitu. Sikumtukana, kwa sababu mama alikuwa amekaa pembeni yangu.

Hebu tuongee namba kidogo, maana ndizo zilizonipandisha presha. S ya BAM inaanzia alama 35. Karatasi ina maswali 10, kila moja alama 10. Yaani maswali matatu na nusu. Mada ya kwanza kabisa ya silabasi ni matumizi ya kalkuleta ya sayantifiki, na unaruhusiwa kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Ipo takwimu, ipo linia programu, yapo matriksi, vitu ambavyo mtoto wa Uchumi anavitaka hata huko darasani kwake. Mwalimu mwenye nia, kwa vipindi viwili tu kwa wiki, ndani ya miaka miwili anashindwa kumvusha mtoto mwenye C ya Uchumi mpaka 35? Nani ataniambia hilo nimuamini? Umempa mtu baiskeli isiyo na mnyororo, halafu unampiga picha akiwa ameikalia.

Kuhusu ile D ya kidato cha nne sitaki maneno mengi. Shule ya kata, mwalimu wa hesabu kahama wakiwa kidato cha pili, mnaijua hadithi. Ila mnaomcheka dogo kwa D mkumbuke hesabu ndilo somo linalotuangusha nchi nzima. Mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu hesabu walikuwa kama robo tu ya waliofanya, na kufaulu hapo ni kuanzia D, yaani alama 30. Kwa hiyo mwenye D ya hesabu Tanzania hii kawaacha wenzake wengi tu nyuma. C inaanzia 45.

Nilipojua tatizo nikasema sawa, hesabu za kidato cha nne zinarudiwa, atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ndipo nikaona mtego wenyewe. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne huanza Januari, kwa hiyo mtihani wa Novemba hii umeshampita. Anajisajili mwakani mwanzoni, anafanya Novemba, matokeo Januari inayofuata, dirisha la vyuo linafunguliwa Julai. Miaka miwili, jamani. Kwa swali moja au mawili ya hesabu ambayo mtu angemwambia mapema angeyatafuta kwa tuisheni ya Ngamiani jioni.

Nikageukia diploma. Diploma nayo miaka miwili, ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaomba digrii. Na hapa wakuu nisaidieni, maana kichwa kinaniuma: nimeusoma upande wa mwongozo wa wenye diploma, na kuna programu zile zile zilizomkataa dogo ambazo kwa mwenye diploma ya uhasibu hazimuulizi habari za BAM. Kijana yule yule, D ile ile, darasa lile lile, miaka miwili baadaye.

Sasa njooni kwa hawa ndugu zetu wa steshenari. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuo kimoja kimoja, na ada ya maombi ni 10,000 kila chuo. Dogo akiwa na matokeo yake mkononi akaenda steshenari moja barabara za Ngamiani huku, imejaa vijana mpaka nje. Jamaa anaandika tu. Hakuna kilichosomwa. Uchumi, weka. Uhasibu, weka. Benki na Fedha, weka. Kila chuo elfu kumi, na ya kwake ya kazi juu. Majibu yalipotoka kote kimya, hana sifa, na ada hairudi. Halafu namba ya simu iliyojazwa kwenye baadhi ya fomu ni ya jamaa mwenyewe! Angechaguliwa vyuo viwili, ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka ingekwenda kwenye simu ya steshenari. Nimekwenda kumuuliza, ananiambia, "Braza, sisi tunajaza tu, sifa ni za mwanafunzi." Sawa. Ila bangoni kwako umeandika "Ushauri wa kozi bure".

Awamu ya pili ya maombi tulikaa wenyewe na simu usiku, tukasoma mstari kwa mstari. Tumepata vyuo ambavyo kwa Ununuzi na Ugavi wanakubali D. Tumeomba huko. Tumeweka na Ualimu wa Historia na Jiografia kama akiba, maana huko hesabu haiulizwi. Yeye ualimu hautaki, anajaza huku amenuna, na simlaumu. Mtoto amekulia Tanga hii, ameona bandari ikipanuliwa, ameona mitambo ya bomba la mafuta ikienda Chongoleani, ana ndoto zake za ugavi na uchumi. Waja leo waondoka leo ndivyo tunavyosema hapa kwetu. Wageni wanakuja na vyeti vyao, wanachukua kazi, na wenyeji tunabaki kuwauzia chai.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaosema vyuo viondoe sharti la hesabu, hapana, mimi simo. Uchumi wa chuo kikuu una hesabu nyingi. Ukimuingiza mtu asiyejua kutafuta mteremko wa grafu utamtesa na atadisko (ataondolewa chuo) mwaka wa kwanza. Sharti libaki. Nagombana na waliolijua wakanyamaza.

Aliyeandika kwamba mwongozo uko wazi mtandaoni na bure, ni kweli kabisa. Ila uko kwa Kiingereza, ni kurasa nyingi kweli, na mtoto wa bweni haruhusiwi simu. Mama yangu ndiye angeusoma? Mwenye kazi ya kuusoma ni mwalimu wa taaluma, na mahali pa kuusomea ni pale pale paredi walipoambiwa haihesabiki.

Na wewe uliyesema dogo ni mvivu tu anatafuta kisingizio: darasa lao zima la HGE, F za BAM zimejaa ukurasa mzima. Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) yako wazi, mtu yeyote anafungua anaona namba za watahiniwa. Wote wavivu? Na wote wavivu kwa somo lile lile, lakini Jiografia wakapata C na B?

Kuna mzazi wa Pongwe kaniandikia pembeni, binti yake yuko CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) kidato cha tano, anasema na wao wameambiwa maneno hayo hayo. Mama, usisubiri. Nenda shuleni siku ya kutembelea, usiulize maendeleo ya jumla, omba daftari la BAM la mtoto ulione kwa macho. Likiwa na kurasa tatu zimeandikwa, hapo hapo mtafute mkuu wa shule.

Wakuu wa shule mnaosoma kimya kimya, najua mmo humu. Safari ijayo mkitundika bango, chini ya kila sura andikeni na alama ya BAM. Tuone kama mtapata wa kumpiga picha.

Mwisho, hili ni ombi: mwenye kukijua kituo cha watahiniwa wa kujitegemea hapa Tanga mjini chenye mwalimu wa hesabu anayeingia darasani kweli, iwe Chumbageni, Mabawa, Usagara, popote baiskeli inapofika, anijulishe. Dogo ataanza Januari hata akipata chuo. Na mwenye kitabu cha hesabu cha kidato cha tatu na cha nne ambacho hakina kazi, nitakifuata mwenyewe.