Mitambo ya dampo kila siku mmoja umelala, ni uzee au matunzo?

jembe_la_chuma
Wakuu habari za kazi. Nimekabidhiwa kusimamia mitambo ya dampo la manispaa, kuna kompakta ya magurudumu ya chuma ya kushindilia taka, buldoza ya cheni na shoveli ya matairi. Kwenye makaratasi tuko vizuri ila ukifika saiti asubuhi unakuta mmoja unapiga kazi, mwingine unasubiri spea, na buldoza inachemsha, opareta anaizima ipoe ndo aendelee, huku malori ya taka yamepanga foleni. Maopareta wanasema imechoka inunuliwe mipya, mabosi wanasema hela ya mpya haipo na hata ya matengenezo inatoka kwa mbinde. Sevisi inafanyika "muda ukifika" ila hakuna anayejua muda unafikaje, maana mita ya buldoza inayohesabu masaa ya injini ilishakufa. Mliopita kwenye kazi hii mnaanzia wapi? Na ni kweli mtambo wa dampo unachakaa haraka kuliko wa barabara au wananipiga fiksi tu?

fundi_wa_cheni
Hawakupigi fiksi mkuu. Barabarani mtambo unakutana na udongo na mawe, dampo unakutana na nyavu, nondo, magodoro yenye springi, mifuko, kamba, na waya. Waya ndo muuaji. Unajizungusha kwenye ekseli ya kompakta kwa ndani ya gurudumu, kila ukizunguka unakaza, mwisho unafika kwenye sili (kizuizi cha oili) ya fainali draivu, zile gia za mwisho zinazozungusha gurudumu, unaikata, oili inaanza kuvuja kidogo kidogo na kwa vile pale pameshonwa na tope la taka hakuna anayeona, mnakuja kushtuka gia zinalia. Sili ungebadilisha mapema ungemaliza, gia zikisagana hapo bajeti ya mwaka inayumba. Kwa hiyo jioni mtu ainame na koleo la kukatia waya asafishe kila gurudumu, sio wiki ikiisha, ni jioni hiyo hiyo.

Hiyo inayochemsha kabla hujafungua injini kachungulie rejeta. Nailoni laini na vumbi vinanasa usoni na katikati ya rejeta na kipoza oili, kwa nje unaona kama pasafi. Puliza kwa kompresa kinyume na hewa ya feni inavyopita, na maji ya presha usiyasogeze karibu, vile vibati vinalala na hewa haipiti tena.

mama_logbuku
Mimi upande wangu ni ofisi sio spana, ila nakwambia anza na hiyo mita ya masaa. Bila masaa huna sevisi, una kubahatisha. Mitambo mingi kitabu chake kinasema oili ya injini na filta yake kila masaa 250, sevisi nyingine zinaenda masaa 500, 1000 mpaka 2000, we fuata kitabu cha mtambo wako na usome pale wanapoongelea mazingira magumu, dampo ni hapo. Filta ya hewa usisubiri masaa, angalia kile kiashiria chake, vumbi la dampo halina ratiba.

Halafu kila mtambo uwe na daftari: masaa, dizeli iliyoingia, grisi, na kama umelala umelala kwa nini. Hiyo ya mwisho ndo silaha. Bosi ukimwambia sili ya fainali draivu anakuangalia tu, mwambie kompakta ililala wiki nzima ikisubiri filta ambayo ingekuwa stoo, hapo anaelewa. Na ukishakuwa na masaa unaomba filta, belti na hozi paipu za mwaka mzima kwenye zabuni moja badala ya kuanza mchakato upya kila kitu kikipasuka.

opareta_wa_zamu
Naongea kama mtu wa kwenye kiti. Mnasema jioni tuiname tusafishe, sawa, ila zamu inaisha saa ngapi? Kama geti linapokea malori mpaka dakika ya mwisho hakuna atakayesafisha, kila mtu anawaza kwenda nyumbani. Mtambo usimame kama nusu saa kabla zamu haijaisha na hiyo nusu saa ilipwe, hapo ndo umdai mtu usafi.

Lingine ni uendeshaji. Kuna watu wanarudisha buldoza rivasi mbio mbio kutwa nzima, wakati rivasi ndo inakula bushi za cheni na spoketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni. Cheni nayo tope likishaganda inajikaza yenyewe, usiposafisha unaila bure. Kompakta unakuta inasukuma lundo refu kama buldoza, ile ni ya kushindilia, taka zisambazwe tabaka jembamba, futi moja mpaka mbili, upite mara 3 hadi 5, baada ya hapo unachoma dizeli tu. Na shoveli ibaki kwenye njia ngumu, ukiipandisha juu ya taka na matairi ya upepo utashinda unaziba pancha.

fundi_wa_cheni
Hapo kwenye nusu saa namuunga mkono. Niongeze moto, watu wanausahau. Fungua bamba la chini ya injini uone, utakuta karatasi na nailoni zimelowa oili zimeshindiliwa, na juu kidogo tu kuna turbo, ile ya kusukuma hewa kwenye injini, inapata moto sana. Ikishika hapo mtambo mzima unaondoka. Jioni acha injini iungurume taratibu bila kazi (sileni) dakika 3 mpaka 5 turbo ipoe, zima, kata swichi ya betri, paki kwenye ardhi ngumu mbali na taka, kamwe usiuache juu ya taka, huko chini kuna gesi.

jembe_la_chuma
Aisee nimeshukuru. Tumefungua bamba la buldoza leo, uchafu uliotoka humo umejaza ndoo kadhaa, na rejeta ilikuwa imeziba katikati kabisa, imepulizwa na mchana haikuchemsha. Mita nimeiombea. Sasa mabosi wakipata hela ya mtambo mpya nikatae?

mama_logbuku
Usikatae hata kidogo. Ila kwa daftari lako piga kila mtambo unakula shilingi ngapi kwa saa, spea na dizeli pamoja, ambao gharama yake inapanda kila mwezi ndo wa kubadilishwa. Na wa zamani kama bado unatembea usiuuze haraka, uwe wa akiba, kompakta ikilala taka hazisubiri.

opareta_wa_zamu
Na hao watakaokata waya, mtambo uwe umezimwa, bledi (bamba la mbele la kusukumia) imeshushwa chini, na funguo iwe mfukoni kwa anayekata, sio kwa opareta.