Funza kwenye viriba: dawa imemwagwa mara mbili, bado wazima

Swali
Wakuu, naomba msaada. Kitalu kina viriba 300 vya lita 5. Miche inanyauka ilhali udongo una maji. Ukivuta mmoja, unakuja na shina tupu, bila mizizi. Ndani ya udongo kuna funza weupe waliojikunja, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele. Nimemwagia dawa ya wadudu ya bifenthrini mara mbili. Niongeze kipimo?

Jibu 1
Usiongeze, mkuu. Bifenthrini haiyeyuki vizuri kwenye maji na hunata sana kwenye mboji, kwa hiyo ukiimwaga inabaki juu wakati funza wako chini wanakula mizizi. Hiyo huchanganywa na udongo kabla ya kujaza viriba. Kwa miche iliyokwisha pandwa, dawa ya imidaklopridi inafaa zaidi kwa kuwa hushuka na maji. Lakini hufika hadi kwenye chavua, kwa hiyo miche inayochanua au inayokaribia kuchanua usiiguse. Nyuki watakufa.

Jibu 2
Hata hiyo itashindwa udongo ukiwa mkavu. Mboji kavu husinyaa ikaachana na ukuta wa kiriba, dawa ikateremka pembeni na kutokea chini bila kugusa mizizi. Mwagilia siku moja kabla. Kesho yake chukua viriba vitano, mimina maji matupu polepole hadi tone la kwanza litoke chini, upate wastani. Tuseme ni mililita 700: viriba 300 vinataka lita 210 za mchanganyiko. Kama lebo inapima dawa kwa ujazo wa udongo, piga hesabu ya lita 1,500 za udongo (viriba 300 vya lita 5), kisha kiasi hicho ndicho ukiyeyushe kwenye zile lita 210. Siku zinazofuata mwagilia kwa kiasi, usiisukume dawa nje. Na vaa glovu.

Muuliza swali
Asante sana. Funza wengi wana urefu wa sentimita 3.

Jibu 3
Hapo ndipo penye shida. Funza wakubwa hivyo huistahimili dawa. Inawaua vizuri wakiwa wadogo, wiki chache baada ya mbawakavu kutaga. Hawa watoe kwa mkono: chomoa bonge la udongo, pekua, rudisha. Au tumia nematodi, yaani minyoo wadogo sana wanaoua funza, aina ya Heterorhabditis. Wamwage jioni, maana jua huwaua. Toa vichujio vyembamba kwenye pampu, tikisa mchanganyiko kila mara wasituame, na udongo ubaki na unyevu wiki mbili.