Vunja jungu la wanawake wa ukoo

UKOO WA BIBI, JAMBIANI 🌴 (watu 34)

JUMANNE

20:02 Da Mwana: Assalam aleikum ukoo. Nimerudi na lile jambo langu. Vunja jungu la mwaka huu tunalifanya kwa Bibi, Jumamosi tarehe 14, na si kula tu. Kila mwanamke wa ukoo huu atasimama dakika tano aeleze alikotoka, yaliyomkuta na alipofika. Watoto wa kike wasikie. 8 Machi, siku ya wanawake, itatukuta tumefunga, kwa hiyo sisi tunaitangulia.

20:03 Da Mwana: Nataka majina leo leo.

20:40 Da Mwana: Naona tiki za buluu tu. Mnasoma mnapita kama mabango ya barabarani.

20:41 Khamis: Shangazi tarehe 14 ni siku ya wapendanao 😂 wengine tuna miadi

20:42 Da Mwana: Miadi na nani wewe, na pikipiki yenyewe hujamaliza kuilipa?

20:43 Haji: 😂😂😂

20:44 Haji: Na sisi wanaume tutakula saa ngapi? Mwana akishashika kipaza sauti hapo ni mpaka daku, na Ramadhani yenyewe haijaingia.

20:46 Da Mwana: Kaka Haji wewe utapika.

20:58 Mwalimu Tatu (Dar): Waaleikum salaam. Wazo zuri. Napendekeza tufungue na Siti binti Saad ili watoto wapate pa kuanzia. Mtoto wa Fumba, muuza vyungu kwa miguu, skuli hakuingia, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Naweza kuwaandalia karatasi.

20:59 Khamis: Na mtihani utakuwepo mwalimu?

21:00 Khamis: Mbona mnakwenda mbali mpaka Fumba, Mama Samia si kazaliwa Makunduchi hapo. Kwa bodaboda hata makalio hayachoki

21:03 Da Mwana: Siti si wetu na Samia si wetu. Nataka wa kwetu. Naanza mimi mwenyewe. Mnajua niliachishwa skuli nikaolewa. Nikarudi darasa la jioni nina watoto watatu na wa nne tumboni. Ule mwaka wa giza, kisiwa kizima hakina umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa nafanya hesabu kwa taa ya chemli, moshi wote puani, nikipiga chafya daftari linaingia masizi. Mtihani nikafaulu. Cheti kipo, kimetundikwa sebuleni.

21:04 Khamis: Tunakijua shangazi. Kila mgeni anasomewa kabla ya chai

21:10 Da Mwana: ORODHA
1. Mwana: kusoma ukubwani ✅
2. Tatu: ualimu ✅
3. Zuwena: Maskati, na nyumba ya Fuoni
4. Mama Rukia: mwani
5. Bibi: atafunga kwa dua
Wengine ongezeni chini. Msifute majina ya wenzenu kama mlivyofanya kwenye mchango wa harusi.

21:11 Salha: 🙈

23:47 Zuwena Maskati: Jina langu litoeni.

23:49 Zuwena Maskati: Ile nyumba ya Fuoni mnaiona bati tu. Mie nimelea watoto wa watu miaka kumi na sita, wa kwangu nikiwasikia kwenye simu. Hilo ndilo nisimame nipigiwe makofi? Na kama ni kusimulia basi tusimulie yote. Tuanze na cherehani.

23:50 Zuwena Maskati: Mwaka huo huo wa giza anaojisifia nao mtu. Niliondoka nimekiacha chumba cha uani, kizima, nimekitia mafuta mwenyewe. Cherehani cha miguu, hakitaki umeme, na mafundi wote wa mjini wamekaa mikono mapajani. Sasa Jambiani kiliondokaje? Na mjini wakati ule alikuwepo nani?

JUMATANO

05:31 Da Mwana: Zuwena, hapa si mahali pake.

05:33 Zuwena Maskati: Miaka yote hiyo si mahali pake.

07:15 Haji: Imesambazwa mara nyingi: *FAIDA 10 ZA KUNYWA MAJI YA UVUGUVUGU NA TANGAWIZI ASUBUHI*

07:16 Khamis: Baba jamani 😭

12:20 Da Mwana: Tuendelee. Mchango ni elfu kumi kwa kila mwenye kipato. Mama Rukia hujajibu. Wewe ndiye namtegemea, watoto wajue mwani ulianza kulimwa huku kwetu na Paje tangu 1989 na nyumba ngapi zimesimama kwa kamba zile.

12:24 Khamis: Mamdogo yuko majini na dumu lake 😂

12:25 Mwalimu Tatu (Dar): Dumu gani?

12:25 Khamis: Hujui? Muulize mwenyewe

12:31 Da Mwana: Khamis acha mzaha kwenye mambo ya maana.

21:36 Mama Rukia: Samahanini, bando lilikwisha. Mie kusema mbele za watu siwezi wifi yangu, ulimi unakauka. Ila Khamis ananicheka kwa jambo la kweli. Mwani wa kotonii ulikuwa unakufa huku ukingoni, maji yamekuwa ya moto, unaufunga, wiki ya tatu ukenda unaukuta mweupe unakatika mkononi. Ukabaki ule mwani mwingine, spinosamu, peke yake. Huo bei yake ndogo mnaijua, na mbichi kilo saba ukianika ndiyo unapata kavu moja, na mvua isikuwahi. Tukaambiwa kotonii siku hizi inataka kina. Kina, na mie kuogelea sijui! Nimezaliwa ufukweni lakini maji hayajapata kunipita kifua.

21:41 Mama Rukia: Basi nikachukua dumu tupu la lita ishirini, kifuniko nikakikaza na mpira wa tyubu ya baiskeli, nikalikumbatia. Tulikuwa tukenda mie na Rukia baada ya alfajiri, watu wasije wakaniona. Miaka 46 nilikuwa nayo. Wiki ya kwanza nimekunywa bahari mpaka nikaharisha. Siku moja dumu likaniponyoka likachukuliwa na mkondo. Rukia akalikimbilia dumu! Mie kaniacha. Nikawa napiga mikono na dera limenifunika uso, kumbe naelea. Ndiyo hayo tu.

21:43 Mwalimu Tatu (Dar): Subhanallah.

21:43 Haji: Rukia kweli mtoto wa baba yake. Dumu lina bei 😂😂

21:44 Rukia: Lilikuwa la kuazima 😭

21:45 Khamis: Watu hawakuamini niliposema

21:50 Da Mwana: HAYO HAYO. Dakika tano hizo hizo, Mama Rukia. Na dumu uje nalo.

21:58 Mama Rukia: Nimeshasema hapa, yatosha. Na Jumamosi hiyo ni mwezi ishirini na tano Shaabani, bamvua linakuja, maji yanakupwa mbali, asubuhi wanawake wote wa huku tupo majini. Mkija saa nne mtakutana na milango.

21:59 Da Mwana: Mbona hukusema mapema? Kadi nimeshaandika saa nne.

22:00 Mama Rukia: Bahari haijaiona hiyo kadi wifi.

22:01 Khamis: 🔥🔥🔥

22:04 Mwalimu Tatu (Dar): Mimi boti yangu ya kurudi ni Jumapili asubuhi. Ikiwa jioni nitalala wapi?

22:06 Haji: Kwani jungu tunavunja na biriani au pilau?

ALHAMISI

10:12 Salha: Bibi kaniita. Nimemsomea yote, na ya juzi usiku pia, kasema nisiruke kitu. Anaongea, mimi naandika kama anavyosema.

10:21 Salha: "Mie mama yenu. Jumamosi njooni baada ya laasiri, mkija asubuhi mtanikuta na kuku. Lile sufuria kubwa liko kwa Haji tangu arubaini, alirudishe na kifuniko chake. Mama Rukia asilazimishwe. Cherehani nimeuza mimi. Nauli ya Zuwena nilikopa, mwenye fedha zake akaja mlangoni mara mbili, ya tatu nikaona haya. Huku hakuna wa kukinunua, nikampa Mwana akapeleka mjini, nikamwambia usifungue kinywa, mwenzio akijua hatakaa kule kwa raha. Hakufungua. Sasa nimefungua mimi. Na mchele msilete kama ule wa mwaka jana, ulikuwa na mawe."

10:22 Salha: Mwisho wa Bibi.

12:50 Haji: Nimesikia mama. Sufuria litakuja.

13:22 Zuwena Maskati: Ujumbe huu umefutwa

13:25 Zuwena Maskati: Ujumbe huu umefutwa

15:40 Mwalimu Tatu (Dar): Mamkubwa, nimesikia. Mchele nitanunua mimi na nitauchambua mwenyewe.

16:05 Zuwena Maskati: Salha, muulize Bibi kiliuzwa shilingi ngapi.

16:09 Salha: Kalala shangazi. Akiamka nitamuuliza.

16:10 Zuwena Maskati: Usimwamshe.

20:30 Da Mwana: MCHANGO
1. Mwana 20,000 ✅
2. Tatu: mchele
3. Haji: sufuria, na elfu kumi yake
4. Mama Rukia: samaki
5. Khamis 10,000 (ahadi)
6.
7.
Saa ni kumi na nusu baada ya laasiri, kama alivyosema Mama. Tatu utalala kwa Mama Rukia.

20:33 Khamis: Shangazi na zile dakika tano zipo au zimevunjwa na jungu?

20:41 Da Mwana: Tutaona siku hiyo.

20:58 Zuwena Maskati: Mwana.

20:59 Da Mwana: Naam.

21:06 Da Mwana: Nipo, nakusikia.

21:30 Haji: Jamani sufuria nimelipata. Kifuniko sikioni. Nani alikichukua kifuniko?

21:31 Khamis: Baba kile tumeanikia dagaa