Tupeane uzoefu: kiwanja ni chako, ila cha kufanya juu yake unapangiwa

Habari za jioni wakuu. Hasa nyie wa Mwanza na kandokando ya ziwa, nani alishawahi kuwa na ardhi yake kabisa halafu serikali ikampangia cha kufanya nayo? Naanza mimi.

2017 nilinunua kieneo upande wa Luchelele, ziwa unaliona ukiwa umekaa kwenye kigoda. Mzee aliyeniuzia alikuwa analima mihogo hapo tangu ujana wake. Karatasi ya mauziano ninayo, mashahidi ninao, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa upo, mimi nikajua nimemaliza. 2019 nikapiga msingi. 2020 mnaikumbuka ile mvua, ziwa lilipanda mpaka likawafuata watu vyumbani, basi maji yalipotulia wakaja watu wa mazingira wakapiga X nyekundu kwenye msingi wangu, eti niko ndani ya mita 60. Nikawaambia jamani wakati nanunua nilipima mwenyewe kwa futi kamba, toka majini hadi kigingi cha kwanza mita 74. Wakapima na wao, 51. Na hawajadanganya! Ziwa ndo limenifuata. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni, sasa ufukwe wenyewe unatembea, mtu unapima kuanzia wapi?

Nikauliza fidia. Nikajibiwa fidia ya nini na hujanyang'anywa, kiwanja bado chako, ila usijenge. Hiyo sentensi nimelala nayo miaka.

Mchangiaji wa 1
Pole mkuu. Kwani hukujua ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini? Sie wengine ni wapangaji tu, ndo maana hata hati inaandikwa miaka, 33, 66, 99, na kila mwaka unalipa kodi ya pango la ardhi.

Mchangiaji wa 2
Hapo juu acha kumtisha mwenzio, mpangaji gani anauza na kurithisha? Mimi niko Mabatini juu kabisa kwenye mawe, ngoja niwape upande wa pili. Urasimishaji ulivyokuja, yaani huku tulikojenga bila kupimwa kupimwe watu wapate hati, wapimaji wakasema kila mwenye nyumba amege kidogo ipatikane njia. Kelele zake sasa! Mama mmoja jirani yetu aligoma kabisa, choo chake kilikuwa kinaangukia njiani, akasema nitakufa na choo changu. Nilikuwa upande wake mpaka msiba wa baba mkwe wangu. Jeneza tulilishusha mabegani, wanaume sita, wanapita katikati ya jiwe na ukuta wa mtu, mara wanalisimamisha wima, mara linapitishwa juu ya paa la banda la kuku, na mama mkwe yuko nyuma anaangalia. Nilivyotoka makaburini nikamfuata mjumbe nikamwambia chukueni mita mbili zangu, chukueni na karo. Yule mama naye alikuwepo msibani, wiki ile ile akabomoa choo mwenyewe. Saa hizi bajaji inafika mlangoni na nimeshafungua faili la hati. Kwa hiyo msiniambie kila kupangiwa ni uonevu.

Mchangiaji wa 3
Mimi nilipitiwa na barabara, sitasema wapi. Mthamini alikuja, ukapigwa picha umeshika kibao cha namba kama mfungwa, wakahesabu mpaka mipapai. Nililipwa. Ila jifunzeni kitu hiki: nyumba unayoishi inaongezewa posho ya usumbufu, posho ya makazi inayopigwa kwa pango la miezi 36, na usafiri wa mizigo tani 12 kwa umbali wa km 20. Shemeji yangu alikuwa na kiwanja kitupu pembeni yangu, ya makazi wala ya usafiri hakuyaona. Alinuna mpaka Pasaka akidhani nimehonga.

Mchangiaji wa 4
Mie hati ninayo, Buswelu, viwanja vya kupimwa, bikoni za mipaka zote nne zipo. Nikaweka mashine ya kusaga mbele ya nyumba, mwezi haujaisha barua hiyo, hati yako imeandikwa makazi. Ikabidi niombe kubadili matumizi, unaweka kibao pale nje kabisa mwenye pingamizi apeleke. Majirani waliokuwa wananunua unga kwangu kila siku ndo haohao waliopeleka pingamizi, eti vumbi. Nikahamisha mashine.

Mleta mada
Wa 2, hiyo ya jeneza imenigusa. Kwa kweli kosa langu ni moja, sikwenda ofisi ya ardhi kuuliza mchoro wa mipango miji unasema nini pale kabla sijatoa hela, nilimuuliza dalali. Dalali akwambie hapajengwi?

Mchangiaji wa 1
Sasa saa hizi unapafanyia nini?

Mleta mada
2024 maji yalirudi tena, yakapita hata ile X. Yalivyopungua kidogo nikaenda kuangalia, vijana wa pale wakaniambia bosi usiingie na viatu. Kwenye chumba nilichopanga kiwe sebule wametoa samaki wawili, kamongo.

Mchangiaji wa 3
Walikupa hata mmoja?

Mleta mada
Waliniuzia.